Naomba ushauri: kuonyesha kazi ya msitu wa Elgon

Wakuu, habari za jioni. Niko Mbale, Uganda, nachomelea vyuma na kuchora mabango. Nimepewa kazi ya kutengeneza kitu kwenye njia ya kupandia Mlima Elgon, kionyeshe jinsi msitu unavyotunza maji ya mto Manafwa. Bango la kwanza la plaiwudi lilivimba kwa mvua, na kusema kweli hakuna aliyelisoma. Mbuzi tu walijikunia.

Sasa nafikiria masanduku mawili ya bati yaliyoinamishwa: moja lina nyasi na majani makavu, jingine udongo mtupu. Ukimwagia maji, chupa ya kwanza inapata maji karibu safi, ya pili tope kama chai ya maziwa. Nimejaribu nyumbani, watoto hawakutaka kuondoka. Shida ni udongo, unaisha upesi. Nifanyeje? Na maandishi yawe Lugisu, Kiswahili, au picha tu?