Tupeane uzoefu: uliwafundishaje watoto wa shule ya msingi kucheza ngoma hadi wakashika?

Mwalimu wa Ziwani (mwanzisha mada)

Habari za majukumu, walimu wenzangu na wadau wote mnaoshinda na watoto.

Nafundisha shule ya msingi mkoa wa Ruvuma, kando ya Ziwa Nyasa. Kipindi cha Sanaa na Michezo darasa la nne ni changu. Dakika ni 40, uwanja ni mmoja, watoto wanapita 80. Ukitoa muda wa kutoka darasani na kujipanga, hubaki na nusu saa kamili. Naomba tupeane uzoefu: mlifundisha ngoma gani, kwa watoto wa umri gani, na njia ipi ilifanya kazi?

Naanza mimi. Hapa kwetu ngoma ya wanaume ni mganda. Wazee waliiga gwaride la askari wa kikoloni enzi za Vita Kuu ya Kwanza, ndiyo maana ina mistari iliyonyooka, ina kiongozi, na wachezaji hupendeza kwa nguo nyeupe zilizopigwa pasi. Kwa mwalimu mwenye watoto wengi ni neema, maana mpangilio umo ndani ya ngoma yenyewe.

Sauti yake inatoka kwenye vibuyu. Kibuyu kinatobolewa tundu pembeni, tundu linafunikwa kwa utando laini, mchezaji anaimba ndani na utando unavuma. Watoto walizoea kubandika kipande cha mfuko wa rambo. Mifuko ilipopigwa marufuku Juni 2019, babu wa mmoja wao alikuja shuleni akawaonyesha cha asili: ule utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Unaubandua taratibu kwa ukucha, unaulaza juu ya tundu, unaupulizia pumzi kidogo ukae. Darasa zima lilinyamaza kumtazama yule mzee, na sauti iliyotoka ilikuwa safi kuliko ya nailoni.

Njia yangu ni hii: mdomo kwanza, miguu baadaye. Kipindi cha kwanza hatuchezi kabisa. Tunakaa chini ya mwembe na kupiga ngoma kwa midomo, ti-ti-NDII, ti-ti-NDII, mpaka nawasikia wakiirudia wenyewe kwenye foleni ya uji. Hapo ndipo nawasimamisha, na mguu wa kulia unakanyaga kwenye NDII. Siwahesabii moja, mbili, tatu, nne. Mtoto anayehesabu huwa anasubiri namba na kutazama miguu ya jirani, na jirani akikosea wanakosea mstari mzima.

Wasichana huku wana ngoma yao ya kioda, lakini kwenye kipindi nawachanganya na hakuna mzee aliyelalamika.

---

Ng'wana Kisesa

Mwalimu umeongea. Mimi niko Mwanza, nafundisha bugobogobo darasa la tatu hadi la tano. Hii ni ngoma ya kilimo, watu walikuwa wakilima kwa mapigo yake, na mchezaji hodari hurusha jembe na kulidaka bila kuacha mwendo. Kwa watoto, jembe la chuma sitaki hata kuliona uwanjani. Tunatumia mabua ya mtama yaliyokatwa sawasawa, urefu wa mkono wa mtoto. Bua ni jepesi, likimpiga mwenzake hakuna kilio.

Nakubaliana na suala la mdomo, ila mimi naanza na kazi yenyewe. Nawapeleka kwenye bustani ya shule, tunalima matuta kwa wimbo. Mgongo unainama, mikono inapanda na kushuka, pumzi inakwenda na wimbo. Tukirudi uwanjani nawaambia, "Fanyeni vilevile bila udongo." Nusu ya ngoma inakuwa tayari.

---

Mwalimu wa Skuli, Unguja

Assalam aleikum. Mimi naomba nitofautiane kidogo na mwanzisha mada kuhusu kuhesabu.

Nimekuwa miongoni mwa wakufunzi wa halaiki za skuli kwa ajili ya sherehe za Mapinduzi, 12 Januari. Pale huna watoto 80, una mamia kwa mamia, wamesambaa uwanja mzima. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mtoto aliye mita 100 kutoka kwenye spika anapata pigo karibu theluthi moja ya sekunde baada ya yule aliye mbele. Wakifuata sikio tu, ukiwa jukwaani unaona wimbi: wa mbele wameshainua mikono, wa nyuma ndio kwanza wanainua. Hapo wimbo haukusaidii. Lazima kuwe na mtu juu, mwenye bendera mbili, na kila mtoto amfuate kwa jicho. Na lazima kila mmoja ajue namba yake na alama yake ya chokaa chini.

Kwa hiyo hesabu zina mahali pake. Tunafundisha vipande vya hesabu nane, kipande kimoja kimoja, kila skuli kwao, kisha tunakutana kuunganisha.

Jambo jengine, na hili nalisema kwa uchungu: maji na kivuli. Mazoezi ya halaiki yanakwenda hadi jua kali, na nimeona watoto wakianguka kwa sababu wakubwa wanataka mstari unyooke. Mstari usubiri. Mtoto anywe maji.

---

Mwalimu wa Ziwani

Ahsante sana sheikh, hoja ya sauti kuchelewa sikuwahi kuifikiria. Kwa uwanja mkubwa umenishawishi. Kwa darasa moja chini ya mwembe bado nasimama na mdomo.

Na hilo la jua nakuunga mkono kwa mikono miwili. Darasani kwangu nina mtoto mwenye ualbino. Niliomba kipindi chetu kihamishiwe asubuhi, na kikiwa cha mchana tunacheza upande wa kivuli cha jengo, yeye na kofia yake pana na mikono mirefu. Wazazi wake walikuwa wanamwombea ruhusa akae darasani kila kipindi cha michezo. Sasa ndiye anayeongoza mstari wa pili, na kibuyu chake kinasikika mpaka ofisini.

---

Dada wa Temeke

Nyie mna vibuyu na mabua, mimi nina watoto wanaoijua singeli kuliko jedwali la kuzidisha. 😊

Kukataza sikufikiria hata kidogo. Singeli ni muziki wa mitaa yetu, umezaliwa Dar. Shida ni kasi: mapigo yanapita 200 kwa dakika, mtoto wa darasa la pili akifuata kila pigo anabaki kurukaruka na kuchoka dakika mbili. Nawafundisha kukanyaga pigo moja na kuruka moja. Mikono inakwenda haraka, miguu inakwenda nusu yake. Wakishaweza hilo, nazima spika katikati ya wimbo na wao waendelee kimya kimya, kisha nawasha tena. Wanaokuta bado wako kwenye mdundo wanashangilia kama wamefunga goli. Mchezo huo unawafundisha kubeba mapigo kichwani kuliko maelezo yangu yoyote.

Maneno ya nyimbo nachuja mapema nyumbani. Napiga ala tupu.

---

Baba Wawili

Samahani walimu, mimi ni mzazi tu. Binti yangu wa darasa la tano alirudi nyumbani anakata viuno sebuleni, akasema ni kazi ya shule. Mama yake hakufurahi, na mimi sikujua niseme nini. Hili mnalishughulikiaje?

---

Bibi wa Kisarawe

Baba, swali lako ni la haki kabisa, wala usiombe samahani.

Mimi nimestaafu, nimefundisha ngoma za Pwani miaka mingi. Mdundiko, kwa mfano, ni ngoma ya msafara ya Wazaramo, watu wanatembea wakicheza mtaa kwa mtaa kumsindikiza mwali. Ina upande wa watu wazima na wa usiku, na upande huo haukuingia shuleni kwangu. Nilichokichukua ni mwendo: kundi zima linasonga mbele kwa hatua fupi, magoti yamelegea, nyayo zinaburuza vumbi. Darasa la watoto 90 linaweza kuzunguka jengo zima la shule bila mtu kukanyagana, kwa sababu wote wanakwenda upande mmoja. Kwa mwalimu asiye na nafasi, sijaona ngoma bora kuliko hiyo.

Kiuno cha asili kipo, na hakina aibu. Kinatikisika kwa sababu magoti yanafanya kazi. Ukimfundisha mtoto goti, kiuno kinakuja chenyewe, kwa kiasi cha umri wake. Ukimfundisha kiuno peke yake umemfundisha kitu kingine. Na kabla ya onyesho lolote niliwaita wazazi waje mazoezini, wakae kwenye viti wazione hatua zote. Akina mama wakaishia kuingia uwanjani kuwasahihisha watoto, na mimi nikajifunza kwao vibwagizo viwili nisivyovijua.

Nenda kamuombe mwalimu wa binti yako ukatazame mazoezi.

---

Baba Wawili

Shikamoo bibi. Nitakwenda wiki hii.

---

Mwalimu wa Kakamega

Jambo kutoka Kenya. Sisi tunaandaa watoto wa Gredi ya Nne kwa Tamasha la Muziki, na huku ngoma ni isukuti, ile iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma za kupigwa ziko tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Mimi nagawa darasa makundi matatu, kila kundi linaimba ngoma moja kwa mdomo na kucheza pigo lake tu. Halafu tunabadilishana. Mtoto ambaye amekuwa ngoma zote tatu hapotezwi na chochote siku ya mashindano.

Swali kwa Mwalimu wa Ziwani: huo utando wa buibui unadumu muda gani kabla ya kubadilishwa?

---

Mwalimu wa Ziwani

Ukilowa mate unalegea, mwalimu. Tunaubadilisha kila kabla ya onyesho, na kila mtoto anabeba wa akiba ndani ya kiberiti kitupu. Hayo makundi matatu nayajaribu Jumatatu.