Naomba ushauri: wavu wa zamani wa kuchomea nyama

Ndugu wanachama, salaam kutoka Iringa. Katika jiko la marehemu babu nimekuta wavu wa chuma wenye miguu minne mifupi na mpini mrefu, ambao bibi anasema ulikuwepo kabla hajaolewa, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuutumia, kwa kuwa amepikia mafiga maisha yake yote. Najua kwamba Warumi walikuwa na chombo cha namna hii wakakiita craticula, na kwamba kwa mapokeo ya Kanisa Mtakatifu Laurenti aliuawa juu ya kimoja huko Roma mwaka 258. Najua pia kwamba wahunzi wa Ufipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo kabla ya Wajerumani kufika. Nimeusugua kwa brashi ya waya bila kuona muhuri wowote, na vyuma vyake havilingani unene. Fundi mmoja alinishauri niupake rangi ya fedha, nikakataa.

Je, vyuma kuunganishwa kwa kupigwa nyundo badala ya kuchomelewa kunatosha kuonyesha kwamba ni kazi ya mhunzi wa huku? Na niuzuieje kutu bila kufuta alama hizo za nyundo?