Mtoto kapata chuo, majibu ya ufadhili bado. Tunafanyaje?

MamaK: Jamani wazazi wenzangu, binti yangu kapata chuo anachokitaka ila majibu ya ufadhili hayajatoka, na chuo kinataka tuthibitishe nafasi na kulipa amana wiki ijayo, sasa nikilipa halafu msaada usitoke si hela imeenda hivyo??

Mzee_Kijana: Waandikie leo hii wawasogezee tarehe. Andika imeili, usipige simu tu, kesho hakuna anayekukumbuka. Na uliza kabisa amana inarudishwa au ndo basi.

mpitanjia: Barua ya ufadhili ikija usikimbilie ile jumla ya chini, mara nyingi ruzuku (hela isiyorudishwa) na mkopo vimechanganywa humohumo, ukiondoa mkopo unakuta msaada wenyewe kiduchu. Cheki na masharti ya mwaka wa pili, ufadhili mwingine unakatwa alama zikishuka.

MamaK: Mh! Na baba yake kapunguzwa kazini baada ya sisi kujaza fomu, hiyo inasaidia?

Mzee_Kijana: Sana tu dada. Omba wapitie upya, ambatanisha barua ya mwajiri. Fomu nyingi zinaangalia kipato cha nyuma, ya sasa hawayajui mpaka uwaambie.