Nesi anatumwa "kamsainishe yule wa kitanda cha nne": hii si ridhaa, na ikome

Wakuu, salaam.

Sitazunguka. Kwenye wodi za wazazi na za upasuaji imekuwa kawaida daktari kuandika kwenye faili "andaa kwa upasuaji", akaondoka zake, kisha nesi wa zamu anatumwa na fomu na kalamu. Mgonjwa anaonyeshwa mstari, anasaini, anavalishwa gauni la thieta. Hajui anatolewa nini, hajui kama kuna njia nyingine, hajui kwamba ana haki ya kukataa. Halafu likitokea la kutokea, fomu hiyohiyo inatolewa kabatini: "Si alisaini mwenyewe?"

Mwenye wajibu wa kueleza ni yule atakayeshika kisu, au daktari mwenzake anayeijua operesheni hiyo kiasi cha kujibu maswali. Usingizi na ganzi ya mgongo anaeleza mtaalamu wa usingizi, maana hatari zake ni nyingine: presha kushuka, kichwa kuuma siku kadhaa baadaye, ganzi kutoshika ikabidi alazwe usingizi kabisa. Nesi anayesaini kama shahidi anathibitisha kwamba mgonjwa ameelezwa na ameamua kwa hiari. Kama hakuwepo maelezo yakitolewa, anashuhudia kitu gani? Nesi, una haki ya kurudisha fomu. Andika kwenye noti zako, pamoja na saa: "Mgonjwa anasema hajaelezwa kuhusu upasuaji, daktari amepewa taarifa." Sentensi hiyo moja inakulinda wewe na inamlinda mgonjwa.

Saa ya kusaini nayo ni balaa. Fomu inaletwa mtu akiwa tayari kachomwa pethidini (ya maumivu) au diazepamu (ya kutuliza), macho yanasinzia. Dawa hizo zinapunguza umakini na kumbukumbu, kwa hiyo maelezo yote yatangulie sindano. Na mama aliye kwenye uchungu mkali haelezwi katikati ya uchungu. Subiri uachie, sema jambo moja, nyamaza uchungu unaofuata upite, endelea. Mazungumzo ya upasuaji yalitakiwa yaanze kliniki miezi ya mwisho, hasa kwa mwenye kovu la upasuaji uliopita, ili leba iwe ni kukumbushana tu.

Linaloniudhi kuliko yote ni kufunga kizazi kuingizwa kwenye fomu ya upasuaji wa kujifungua. Unakuta "C/S + BTL" kwa mwandiko wa haraka: C/S ni upasuaji wa kujifungua, BTL ni kufunga mirija ya uzazi, herufi tatu ambazo mama hawezi kujua kuwa ndizo zinazofunga uzazi wake. Mahakama ya Juu ya Namibia ilishalitolea uamuzi suala hili Novemba 2014, kwenye kesi ya wanawake watatu wanaoishi na VVU waliofungwa kizazi. Saini zilikuwepo. Mahakama ikasema saini iliyochukuliwa mwanamke akiwa kwenye uchungu, bila maelezo ya kutosha, haitoshi kuwa ridhaa. Kufunga kizazi hakuna dharura. Fomu yake iwe peke yake, jina liandikwe kwa maneno kamili, aambiwe ni njia ya kudumu, aambiwe zipo njia nyingine za uzazi wa mpango, vijiti na kitanzi, vinavyoweza kutolewa, na aambiwe anaweza kubadili mawazo mpaka dakika ya mwisho bila kunyimwa huduma nyingine yoyote.

Tuje kwa "mume yuko wapi asaini?" Mwanamke mzima, akili timamu, anaongea, anajibu, lakini simu zinapigwa kumtafuta mume aliye safarini. Mapigo ya mtoto yanashuka, dakika zinakwenda. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 haina kifungu kinachompa mume mamlaka ya kumsainia mkewe mwenye akili timamu apasuliwe. Kenya nayo, Sheria ya Afya ya 2017 vifungu vya 8 na 9 inamtaja mgonjwa mwenyewe: aelezwe hali yake, njia zilizopo, faida, hatari, gharama na haki ya kukataa, tena inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Mume ashirikishwe kama mke anataka ashirikishwe. Basi.

Najua mtakuja na dharura. Dharura ya kweli ni mtu aliyezimia au asiyeweza kuamua, na kuchelewa kutamuua au kumwachia ulemavu, na hakuwahi kukataa. Hapo mtibu, andika sababu na saa. Dharura ambayo mgonjwa anaongea bado ina dakika mbili za kumwambia ukweli. "Mapigo ya mtoto yako chini ya 110 na hayapandi uchungu ukiachia. Tukisubiri anaweza kukosa hewa. Upasuaji una hatari ya kutoka damu, maambukizi, kujeruhi kibofu, mara chache sana kutoa kizazi. Mimi nashauri tupasue. Unasemaje?" Hayo ni maelezo. "Ukikataa mtoto akifa usitulaumu" ni vitisho, na ridhaa iliyotolewa kwa hofu ya kutelekezwa ni batili kimaadili hata kama saini inasomeka vizuri.

Na acheni kuuliza "umeelewa?" Mgonjwa aliyelala, mbele ya koti jeupe, atajibu "ndiyo daktari" hata kama hajaambulia kitu. Sema: "Nataka nihakikishe nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani wakikuuliza umefanyiwa nini, utawaambiaje?" Akikosea, kosa ni la maelezo, rudia kwa maneno mengine. Asiyejua kusoma asomewe fomu yote, aweke dole gumba, na shahidi awe mtu asiye kwenye timu ya upasuaji.

Mgonjwa wa akili naye hapotezi uamuzi kwa sababu ya jina la ugonjwa wake. Anapimwa kwa uamuzi huu, kwa saa hii: anaelewa alichoambiwa? Anakubali kwamba kinamhusu yeye? Anaweza kupima njia mbili na kutoa sababu? Anaweza kusema chaguo lake? Mtu mwenye skizofrenia akipita hapo, kaka yake hasaini kitu. Asipopita asubuhi, mrudie jioni dawa zikishatulia, kama hali inaruhusu.

Kuna la saratani pia: ndugu wanamvuta daktari koridoni, "usimwambie mzee, atakufa kwa mawazo." Wanampenda, sikatai. Lakini aulizwe mzee kwanza: "Majibu yakitoka, ungependa nikwambie wewe mwenyewe, au nimwambie nani?" Akisema "mwambieni binti yangu", huo ni uamuzi wake, uandikwe kwenye faili na uheshimiwe. Koridoni hapaamuliwi kitu.

Mwenye fomu ya ridhaa inayotumika kituoni kwake aiweke hapa, ikiwa tupu bila jina la mgonjwa wala la kituo, tuipitie mstari kwa mstari. Anzeni kuangalia mambo mawili: ina nafasi ya kuandika jina la aliyeeleza na saa aliyoeleza? Ina mahali pa kuandika "nimekataa"?