Mzani wa diko unapima nini hasa?

Mkunguni: Wanalamu, niulize. Karani wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo, anakaa diko, pale samaki wanaposhushwa, na mzani, anaandika chombo, aina ya samaki, kilo, basi. Sasa kuna wanaotaka daftari litupwe iingie simu. Mi naona tatizo si daftari wala simu, ni kinachoandikwa. Kilo 40 za saa tatu hapa karibu na Manda na kilo 40 za kukesha nje ya Kiwayu, kitabuni ni zilezile, mtu wa ofisini akisoma anasema bahari iko salama, samaki hawajapungua. Si waandike na masaa, watu wangapi, nyavu gani?

Langoni Boy: Simu ndo dawa bro. Karani akilewa mirungi anajaza za jana, na juya, ule wavu wa kukokota, likishushwa usiku nani anaandika?

Nahodha Mstaafu: Masaa sawa. Ila nasikia wataka kuandikisha mpaka kina mama wa pweza, hapo mtaharibu hesabu. Wale si wavuvi, watembea mwambani bamvua likitoka kisha warudi kupika.

Mama Faza: Shikamoo nahodha, haya sasa nikujibu. Jua la utosini, chuma mkononi, miiba ya mwambani yanichoma miguu, hiyo ni matembezi? Pweza wangu hafiki diko, tajiri anayenunua aja na mzani wake mlangoni, anatia kwenye barafu huyo kaenda zake. Ndo maana hamuoni kitu kwenye daftari lenu.

Langoni Boy: Mama kamaliza 😂

Nahodha Mstaafu: Marahaba mwanangu. Kwani nimetukana mtu? Mwavunja matumbawe kwa hivyo vyuma, hilo nalo liandikwe.

Mama Faza: Na nanga zenu je? Nyinyi mwataka tusiandikwe kwa sababu ya pesa za fidia ya bandari, semeni tu. Asiye kwenye orodha halipwi.

Langoni Boy: Zile za LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu, si zilikuwa shilingi bilioni 2 na kitu?

Mkunguni: Bilioni 1.76, uamuzi wa Mahakama Kuu ya Malindi, 2018. Wavuvi elfu nne na mia kadhaa. Lakini jamani tulikuwa kwenye masaa...

Nahodha Mstaafu: Hiyo orodha nayo ilikuwa na watu hawajui hata kufunga tanga.

Mama Faza: Wataje basi. Nahodha, nakusubiri.