Naomba ushauri: barua ya Faraday kwa Maxwell niitafsirije?

Habari za majukumu, wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha tatu. Nataka kuwasomea wanafunzi barua ambayo Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza aliyechunguza umeme na sumaku, alimwandikia mwanafizikia James Clerk Maxwell mwezi Novemba 1857. Faraday alikuwa na miaka 66, Maxwell 26. Mzee huyu alianza kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu na hesabu za juu hakuzijua, lakini hakuona aibu kumuuliza kijana: mkishapata majibu kwa hesabu, hamwezi kutuandikia pia kwa lugha ya kawaida? Swali hilo linanigusa kila siku darasani.

Nimekwama kwenye ile mistari yake ya sumaku (kwa Kiingereza "lines of force"), yaani mistari inayoonyesha kani, au nguvu, ya sumaku inaelekea wapi. Niite "mistari ya kani" au "nyuzi za kani"? Wiki iliyopita tulinyunyiza unga wa chuma kwenye karatasi juu ya sumaku, tukaigonga kidogo kwa kidole, unga ukajipanga upinde kwa upinde. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, kama nywele zilizochanwa." Tangu hapo naona "nyuzi" inaeleweka zaidi, ila nahofia itawachanganya kwenye mtihani, maana unaandikwa kwa Kiingereza.

Mliowahi kufundisha mada hii kwa Kiswahili, mlitumia neno gani?