Kichwa changu, mianga ya mama, kizunguzungu cha dada, tumbo la mtoto: ni kipandauso kimoja?

Binti_Uluguru:
Habari zenu wakuu. Nina miaka 33. Kipandauso kilinianza nikiwa kidato cha pili: upande mmoja unagonga, natapika, mwanga na kelele sivitaki, najifungia gizani mpaka kesho yake. Hicho nimeshakizoea. Kilichonileta ni kwamba tangu mwaka huu uanze, kabla ya kichwa kuuma naona mstari wa mwanga wenye meno kama msumeno. Unaanza kadoa, unatanuka, unaziba nusu ya ninachosoma, baada ya nusu saa hivi unapotea, ndipo kichwa kinaanza.

Sasa nikiangalia nyumbani kwetu nachanganyikiwa. Mama aliumwa kichwa kama changu tangu ujana wake. Siku hizi kimeacha, ila mianga anaiona bila maumivu yoyote. Dada yangu kichwa hakimuumi sana, yeye ni kizunguzungu, anashika kitanda asianguke. Mwanangu wa miaka 8 anashikwa na tumbo hapa kitovuni, anapauka, anatapika, kesho yake yuko uwanjani anacheza mpira. Dawa za minyoo amekunywa hadi basi.

Ni ugonjwa mmoja huu au kila mtu ana wake? Dawa ninazotumia: panadol na diklofenaki, siku hizi karibu kila siku, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango. Tafadhali msiniambie ninywe maji mengi.

Kobe_Mkavu:
Kunywa maji mengi.
Natania dada. Pima presha na macho kwanza.

Mtu_wa_Pugu:
Ukoo mzima mnaona mianga? Hapo kuna mkono wa mtu.

Shangazi_Rehema:
@Mtu_wa_Pugu hata kisukari kinatembea kwenye ukoo, na hakuna aliyemroga mwenzake. Tuache utani, mwenzetu anaumwa.

Tabibu_wa_Zamu:
Mimi ni afisa tabibu, sijakuona, kwa hiyo chukua haya kama maelezo tu. Unavyosimulia, inaelekea ni ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Kinachorithiwa si kichwa kuuma. Kinachorithiwa ni ubongo mwepesi kushtuka.

Hiyo mianga inaitwa aura. Ni wimbi la umeme linalotambaa polepole juu ya ubongo, na linakopita seli zinanyamaza kwa muda. Mtafiti wa Brazil, Aristides Leão, alilieleza wimbi la namna hiyo mwaka 1944. Likipita sehemu ya kuona, unaona meno ya msumeno. Likifika sehemu ya hisi, ganzi inapanda kutoka vidoleni hadi mdomoni. Kwa kawaida huchukua dakika 5 hadi 60. Maumivu yana njia yake nyingine, kwenye mshipa wa fahamu wa uso na utando wa ubongo, kwa hiyo wimbi linaweza kuja bila maumivu (mama yako) na maumivu bila wimbi (wewe wa zamani). Wagonjwa wengi hawaoni aura kabisa, na mtu mmoja anaweza kuwa na aina zote mbili.

Dada yako anaweza kuwa na kipandauso cha kizunguzungu, ila achunguzwe masikio kwanza. Mtoto naye: kipandauso cha tumbo kipo kweli kwa watoto, na wengi wao wakikua tumbo linaacha, kichwa kinaanza. Lakini mpeleke apimwe, tumbo la mtoto halihukumiwi mtandaoni.

Kwako yananisumbua mambo mawili, na mianga yenyewe si mojawapo. La kwanza ni dawa za kila siku. Panadol au diklofenaki zikifika siku 15 kwa mwezi, kwa miezi mitatu na zaidi, zenyewe zinazaa maumivu. Kile wanachoita kipandauso sugu, yaani kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi, mara nyingi ni hiki hiki cha kawaida kilichosukumwa na dawa. La pili: vidonge vyako vya uzazi wa mpango vina homoni ya estrojeni?

Binti_Uluguru:
Nimesoma boksi, vinayo. Kuna ubaya?

Tabibu_wa_Zamu:
Upo. Aura peke yake huongeza kidogo hatari ya kiharusi, na estrojeni inaongeza juu yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaweka mchanganyiko huo kundi la nne, maana yake visitumike. Ulipoanzishiwa vidonge hukuwa na mianga, kwa hiyo kwenye kadi yako hakuna aliyeandika. Nenda kliniki wiki hii useme neno aura waziwazi. Kitanzi cha shaba hakina homoni; kijiti mnaweza kukijadili. Mpaka upate njia nyingine tumieni kondomu. Ulizia pia dawa za kuzuia kipandauso, kama propranolo au amitriptilini. Kama una pumu waambie, propranolo haikufai.

Shangazi_Rehema:
Amitriptilini inalaza, inywe usiku. Ila mimi ndiyo iliyonirudisha kazini. Na wiki mbili za kwanza za kuacha panadol kichwa kitakuadhibu zaidi, jipange.

Kobe_Mkavu:
Nami niulize kwa uzito safari hii. Jana mkono wa kulia uliisha nguvu ghafla, maneno hayakutoka, baada ya robo saa nikawa sawa. Kichwa kiliuma kidogo. Ndiyo hiyo aura?

Tabibu_wa_Zamu:
Mkuu, aura hutambaa. Chako kimekuja kwa mkupuo. Kipo kipandauso cha kupooza upande, lakini hakitajwi mpaka kiharusi kiondolewe kwanza. Hicho cha robo saa kinaweza kuwa kiharusi cha kupita, na kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku chache. Funga simu, nenda hospitali sasa hivi, na usiendeshe mwenyewe.

Kobe_Mkavu:
Shemeji anawasha gari.